Siku 42 za Isanga: Mahakama Inapouliza Habari za Akili



Katika huduma zetu za kichungaji kwa wafungwa na mahabusu, huku Shinyanga na Geita, familia za wafiwa hutuuliza mara kwa mara: "Padre, kwa nini aliyemuua ndugu yetu amepelekwa hospitali?" Swali hilo hubeba uchungu wa msiba, wala halistahili kujibiwa kwa haraka.

Kanuni ya Adhabu humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo. Hata hivyo, kifungu cha 13 chatamka kwamba mtu hawajibiki kwa jinai ikiwa, wakati wa kutenda, ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe alichokuwa akifanya, asitambue kuwa hakupaswa kukifanya, au asiweze kujizuia. Mahakama ikiona dalili hizo huweza kuahirisha shauri na kuamuru mshtakiwa azuiliwe hospitalini achunguzwe, na taarifa ya maandishi iletwe ndani ya siku 42. Ndipo inapoanza safari ya kwenda Dodoma, kwenye Taasisi ya Isanga, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927.

Wengi hudhani mtaalamu huko hutafuta njia ya kumwokoa muuaji. Sivyo. Yeye hupima akili tu. Hatia huiachia mahakama. Husoma maelezo ya mashahidi, huongea na mshtakiwa siku baada ya siku, hutafuta habari za ukoo na maradhi ya zamani, na hupokea habari za wauguzi wanaomwona akila na akilala, maana kuigiza wazimu usiku na mchana kwa majuma sita ni kazi ngumu. Huuliza hata kazi yake: mvuke wa zebaki wanaouvuta wachimbaji wadogo wanapochoma dhahabu waweza kuleta mtetemo, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu.

Sisi mapadre twapaswa kuiona vizuri tofauti moja. Asemalo mwamini katika kitubio halitoki kamwe. Asemalo mshtakiwa mbele ya mwanasaikolojia laweza kusomwa mahakamani, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla hajafungua kinywa.

Kwa eneo letu, ugumu mkubwa uko kwenye imani za uchawi. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa tamaa ya utajiri, na baadhi kwa ndoto ya dhahabu. Je, hao wauaji ni wagonjwa? Kwa kawaida, hapana. Imani inayoshirikiwa na kijiji kizima, hata iwe potofu kiasi gani, si ugonjwa wa akili. Na aliyepatana bei ya kiungo cha binadamu alijua vema anachofanya. Ni tofauti na kijana anayesikia sauti ambazo hata wazee wa masamva hawazitambui, akamwona mama yake mzazi kuwa fisi. Kuwaita wote wawili "wazimu" ni kumwonea mgonjwa na kumpunguzia mzigo mwenye tamaa.

Kanisa nalo hufundisha kwamba dhambi ya mauti hudai ujuzi kamili na ridhaa kamili. Uovu wa tendo haupungui. Kinachopungua, au kutoweka kabisa, ni lawama ya mtenda.

Ikithibitika kwamba alikuwa mgonjwa, mahakama hutamka kuwa hana hatia kwa sababu hiyo, lakini haendi nyumbani siku ileile. Hubaki chini ya ulinzi mpaka mamlaka husika ziamue, na wapo wanaoendelea kubaki kwa sababu tu ukoo umekataa kuwapokea.

Katika kigango kimoja, mzee alituomba tumbariki mwanawe aliyerudi. Nyumba ya marehemu ilikuwa ng'ambo ya majaruba ya mpunga, moshi wa jiko lake ukionekana. Mama wa kijana alikuwa amefunga dawa za mwezi ule katika pindo la khanga, asijue nyingine atazipata wapi. Tulimwambia mzee atusubiri, tukavuka kwanza kwenda kwa wafiwa. Walitupa viti, wakanyamaza muda mrefu. Kisha mjane akasema tunaweza kusali, ila jina la yule kijana tusilitaje.