Kwenda «ku vile» kutoka Kamalondo

Ninaishi Kamalondo, komini ndogo kuliko zote za Lubumbashi. Kutoka kwetu hadi katikati ya mji ni mwendo wa miguu usiotimiza nusu saa. Hata hivyo, jirani akiniuliza asubuhi ninakokwenda, namjibu: «Naenda ku vile.» Mwenzangu wa darasa, mzaliwa wa Uvira, alipolisikia jibu hilo mara ya kwanza alingoja nimalizie sentensi. Hilo «vile» ni neno la Kifaransa, ville. Kinyume chake ni site, yaani kwetu.

Maneno hayo mawili yametoka kwenye ramani. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910. Miaka ya 1920 Wabelgiji waliwapeleka kusini Waafrika wasiokaa katika kambi za kampuni, na katikati wakaacha ukanda mtupu ulioitwa zone neutre. Walisema ni kwa ajili ya afya. Huko kusini ndiko mtaa wetu ulikozaliwa, wakati huo ukiitwa Albert. Leo Albert ni Kamalondo, na tangu 1966 mji wenyewe ni Lubumbashi. Lakini kinywani mwetu ukanda ule bado upo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, mambo yenyewe yamo ndani ya lupango. Mbele kuna nyumba ya mwenye lupango, nyuma vyumba vya wapangaji. Bomba ni moja, choo kimoja, mita ya SNEL moja. Bili ya umeme ikifika, Mluba, Mbemba, Msanga na Mtetela hawana budi kuelewana, tena siku hiyohiyo, na wataelewana kwa Kiswahili. Watoto wanaozaliwa humo humwita kila mkubwa wao «yaya», na Kiswahili ndicho wanachoanza kusema, hata kama wazazi wanaongea Kiluba chumbani. Tunafundishwa kwamba wafanyabiashara, reli na migodi ndivyo vilivyoeneza Kiswahili Katanga. Sawa. Ila mimi naona lugha iliyoletwa na kazi haiwi lugha ya mama mpaka ipate ua wa watoto kuchezea.

Sasa nyua hizo zinapungua, na sababu ni ukaribu uleule. Wafanyabiashara wanatafuta mahali pa depo karibu na katikati ya mji. Mzee akifa, warithi wanauza lupango na kugawana dola. Wapangaji wa nyuma wanapewa muda wa kuondoka, na garanti ya chumba kingine jirani hawaiwezi. Wengi wanakwenda Annexe, kila mmoja upande wake. Kwenye avenyu yetu malupango matatu yamekwenda hivyo tangu nianze masomo. Palipokuwa na familia sita pamebaki ukuta mrefu na mlinzi mmoja.

Mama mmoja aliyehamia Annexe bado anakuja kutusalimia Jumapili. Akiwaaga majirani zake wa huko, huwaambia kwamba anakwenda ku vile.