V mbili za mzee: koplo au siyo?

Wadau, nipo Karatu, nimeshuka juzi kutoka Ngorongoro. Jirani yangu kanionyesha picha ya marehemu baba yake, baharia wa Royal East African Navy ya Mombasa, iliyovunjwa 1962. Mkono wa kushoto ana V mbili. Familia inataka kaburini iandikwe "Koplo". Baba mdogo kagoma: mzee hakuwahi kusema ana cheo.

Huku tumezoea polisi: V mbili koplo, V tatu sajenti. Majini siyo hivyo. Jeshi lile lilifuata taratibu za Waingereza. Kwao tangu 1827 cheo cha mabaharia wa chini kinaonekana kwa nanga mkononi. Akipanda zaidi anaongezewa taji. V zilikuja 1849, tena kama alama ya tabia njema tu. Baadaye V ya pili ikawa ya aliyefikisha miaka 8 bila doa.

Picha ya mzee haina nanga. Nikamwambia jirani kwa woga. Akanyamaza, halafu akasema: "Basi tuandike miaka minane bila doa."

Mimi naona hiyo inazidi ukoplo. Nyie mnasemaje? Wenye picha za wazee, tazameni nanga kwanza.