Rekodi Nane za Moshi, na Dhahabu Iliyobaki Mlimani

Sisi watu wa Nyeri hatuoni haya kuringia hewa yetu. Mgeni akishuka kwenye matatu, kabla hata ya chai huambiwa avute pumzi. Lakini hewa ina namba zake, na namba zina mabingwa: wa juu, wa kale, wa ghafla, wa kuua. Hizi hapa rekodi nane za moshi na jinsi unavyojaza vitanda vya hospitali. Mbili kati yake ni za mlima wetu, na moja kati ya hizo mbili nimeipa dhahabu bila kusitasita.

1. Kituo cha juu: mita 3,678

Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Panda mara mbili ya hapo na bado hujafika kwenye kituo cha kupima hewa cha Mlima Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1999 chini ya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hupima gesi kama ozoni na kaboni monoksaidi mahali ambapo hakuna jiko wala bomba la lori karibu. Kituo kama hicho huonyesha hewa ilivyo kabla binadamu hajaitia mkono. Miji michache duniani inaweza kuinua macho asubuhi na kuuona mlima wenye kipimo chake cha usafi. Karatina, Nanyuki, Chuka na Embu zinaweza!

2. Adui mdogo: mikromita 2.5

Chembe zinazotajwa sana kwenye utafiti wa moshi huitwa PM2.5, maana upana wake hauzidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa una takriban mikromita 70. Panga chembe hizo foleni kukatiza unywele, zitatosha 28. Udogo huo ndio silaha yake: vinyweleo vya pua havizinasi, koo haliziwezi, nazo hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu. Ndiyo sababu moshi hulaza wagonjwa wa moyo na wa kiharusi, pamoja na wale wa pumu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza uzi: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 10. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya ripoti ya kimataifa ya hali ya hewa tunayovuta, uchafuzi wa hewa ulichangia vifo milioni 8.1 duniani. Kaunti sita zinazouzunguka mlima, yaani Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi, Meru na Laikipia, kwa pamoja zilikuwa na watu milioni 4.4 katika sensa ya 2019. Vifo hivyo vya mwaka mmoja vingemaliza kaunti zote sita, kisha vikaribie kuzimaliza tena.

3. Lalamiko la kale: 1661

John Evelyn wa London alimwandikia Mfalme Charles II kijitabu kizima akilalamikia moshi wa makaa ya mawe na vifua unavyoviharibu. Mji wa Nyeri ulianza kama kambi ya wakoloni mwaka 1902. Lalamiko la Evelyn limeuzidi umri kwa miaka 241.

4. Siku tano mbaya: 5 hadi 9 Desemba 1952

London tena, na safari hii ni rekodi ambayo hakuna mji ungependa kuivunja. Baridi ilibana, upepo ukasimama, na hewa baridi ikakwama chini ya hewa ya joto. Moshi wa makaa ya mawe ukakosa pa kupandia. Kwenye ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilikatizwa kwa sababu watazamaji hawakuliona jukwaa. Ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho ya mifugo walianza kufa kabla watu hawajajua kinachoendelea. Hospitali zilifurika, na hesabu ya kwanza ikataja vifo 4,000 kupita kiwango cha kawaida. Uchambuzi wa baadaye uliipandisha hesabu hiyo hadi karibu 12,000.

Uwanja wa Nyayo huketisha watu 30,000. Ondoa watu wawili katika kila watano walioketi humo. Hao ndio 12,000. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956.

5. Rundo kubwa la rekodi za kulazwa: milioni 95

Kuona watu wakiugua wakati wa moshi ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba moshi ndio uliowalaza ni kazi nyingine, na Marekani ndiyo iliyoifanya kwa ukubwa wa kutisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la BMJ ulipitia rekodi zaidi ya milioni 95 za wazee waliolazwa kati ya 2000 na 2012, ukizilinganisha na PM2.5 ya mahali walipoishi. Kenya nzima ilihesabu watu milioni 47.6 mwaka 2019. Ni kana kwamba kila Mkenya, kuanzia mchanga hadi ajuza, amelazwa mara mbili na kila safari ikaandikwa na kusomwa.

Rekodi ya kasi inashikwa na utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2006, uliofuatilia wazee milioni 11.5, sawa na kaunti 15 za ukubwa wa Nyeri. PM2.5 ilipopanda kwa mikrogramu 10, wagonjwa wa moyo uliochoka kusukuma damu waliongezeka hospitalini kwa asilimia 1.28, na waliongezeka siku ileile! Asilimia hiyo huonekana ndogo hadi uizidishe kwa mamilioni.

Siri ya ushindi huu ni makarani. Kila kitanda kiliandikwa tarehe, ugonjwa na makazi, na kila kipimo cha hewa kikaandikwa tarehe na mahali. Vitabu viwili vikawekwa sambamba. Kitabu cha wodi tunacho katika kila hospitali ya kaunti, na muuguzi wa zamu hukijaza usiku kucha: jina, umri, kijiji, ugonjwa. Natamani sana kukiona kikiwekwa kando ya kipimo cha hewa cha mjini, katika msimu wa gathano, wakati ukungu wa Julai unalala juu ya mabonde na kila nyumba inawasha jiko.

6. Kiwanda kilichojieleza kwa kunyamaza: miezi 13

Hakuna mwanasayansi angeruhusiwa kuzima kiwanda cha chuma ili aone watoto watafanyaje. Katika Bonde la Utah, Marekani, mgomo ulimfanyia kazi hiyo. Kiwanda kilifungwa Agosti 1986, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Mtafiti C. Arden Pope alihesabu watoto waliolazwa kwa pumu na ugonjwa wa mirija ya mapafu: katika majira ya baridi ambayo kiwanda kilifanya kazi, walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa majira kilipokuwa kimefungwa. Bonde lilelile, baridi ileile, shule zilezile.

Dublin ilifuata njia ya sheria. Tarehe 1 Septemba 1990 uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi mzito ulipigwa marufuku mjini, na moshi mweusi ukashuka kwa asilimia 70 hivi. Vifo vya magonjwa ya kupumua vilipungua kwa takriban 116 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya matatu nane za abiria 14 zilizojaa, kila mwaka.

7. Cheti cha kwanza: 2020

Ella Kissi-Debrah wa kusini mashariki mwa London aliishi mita zisizozidi 30 kutoka barabara kuu yenye msongamano. Hiyo ni kama mabasi matatu yaliyoegeshwa moja nyuma ya jingine. Katika miaka mitatu ya mwisho alilazwa karibu mara 30. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake hakukubali jibu jepesi, akapigania uchunguzi mpya, na Desemba 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia. Ella anatambuliwa kuwa mtu wa kwanza duniani kuandikiwa sababu hiyo kwenye cheti cha kifo.

8. Dhahabu: nyumba 55 za Mpala

Na sasa bingwa wangu. Yuko Laikipia, kaskazini mwa Nanyuki, kwenye ardhi ya Mpala!

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walichagua nyumba 55 kwa bahati nasibu na kufuatilia moshi wa jikoni kwa zaidi ya miaka miwili. Wauguzi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani anakohoa na nani kifua kimembana. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa 93, wa kutosha matatu saba tu. Wengine, wa miaka 5 hadi 49, walikuwa 229. Mbele ya rekodi milioni 95 hiyo ni timu ya kijiji, lakini matokeo yake yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2001 yalikuwa miongoni mwa ya kwanza duniani kuonyesha, kwa moshi uliopimwa nyumbani, ugonjwa unavyopanda hatua kwa hatua pamoja na moshi. Tena hawakumsubiri mgonjwa afike wodini. Walimkuta nyumbani, kikohozi kikiwa bado kibichi.

Tazama walichopima. Anayesonga ugali huinama juu ya mafiga, hupuliza kuni mbichi, hugeuza uso machozi yakimtoka, kisha hurudi palepale. Dakika hizo za kuukaribia moto zilibeba kati ya asilimia 31 na 61 ya moshi wote uliowaingia wapishi. Kwa wasiopika hazikuzidi asilimia 11. Na ugonjwa ulipanda kwa ukali zaidi kabla moshi haujafika mikrogramu 1,000 hadi 2,000 za PM10, yaani chembe zisizozidi mikromita 10. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa siku nzima ni 45. Maana yake ni kwamba kutoka kwenye moshi mzito sana hadi mzito hakumsaidii mtoto sana. Lazima ushuke mpaka chini.

Walipima majiko pia. La kuni lenye kauri lilipunguza moshi kwa karibu nusu moto ukiwaka. Kuhamia makaa kuliupunguza kwa asilimia 87, ingawa makaa hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na jiko lake halifai kulala ndani ya chumba kilichofungwa. Sensa ya 2019 ilizikuta asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zikipikia kuni.