Mpiga picha, bei yako inamlipa nani?

Mteja anakupigia simu Alhamisi. Ana ruracio Kiambu Jumamosi. "Boss, si unifanyie elfu tano? Kwani si ni kubonyeza tu?" Kabla useme sawa, fungua kikokotoo kwa simu tupige hesabu.

Tuseme kamera na lenzi zako zilikugharimu Sh240,000 na zitakuhudumia miaka minne. Hiyo ni Sh5,000 kila mwezi, upate kazi usipate. Ongeza bima ya vifaa, intaneti, stima, programu ya kuhariri, diski za kuhifadhia picha na nauli, tuseme Sh13,000. Jumla ni Sh18,000, na bado hujala.

Sasa jilipe. Unataka Sh42,000 za rent, chakula na mengineyo? Kumbuka SHA iko humo ndani. Asiyeajiriwa hutozwa asilimia 2.75 ya mapato, isipungue Sh300 kwa mwezi. Kwa Sh42,000, hiyo ni Sh1,155.

Unahitaji basi Sh60,000 kwa mwezi. Utapata kazi ngapi? Usiseme 30. Picha za Jumamosi moja zinaweza kukukalisha kwa laptop siku mbili tatu. Ukipata sita, kila moja ni Sh10,000. Ukikubali elfu tano, kazi hizo sita zitaleta Sh30,000. Toa gharama, unabaki na Sh12,000. Yaani unamchangia mteja sherehe yake!

Bima ndiyo wengi wetu huruka. Lakini kamera ikinyakuliwa steji usiku, kazi za mwezi ujao zimeenda nayo, na deposit za watu ulishakula. Ukienda kwa wakala, uliza maswali matatu: Inalinda kamera nikiwa nje ya nyumba? Inakubali kamera ya biashara? Nikiiacha kwa gari iibwe, mtalipa? Majibu yawe kwa maandishi. Risiti na serial namba weka mahali salama, si ndani ya begi hilo hilo la kamera.

Mteja akilia bei ni kali, usiishushe bure. Punguza kazi: saa chache, picha chache, bila albamu. Nusu ya pesa iingie kabla ya siku yenyewe.

Na akimwendea jamaa wa elfu tano, mwache aende. Jamaa naye atapiga hesabu hii siku kamera yake itakufa.