Nafasi ya Sheria na Mila katika Kumjenga Mpelelezi Mwanamke wa Ridhaa: Mfululizo wa Riwaya Tulivu za Kihistoria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mfululizo wa riwaya tulivu za upelelezi wa kihistoria unavyojengwa pale ambapo mpelelezi ni mwanamke wa ridhaa, yaani asiye askari wala mpelelezi wa kulipwa. Hoja kuu ni kwamba sheria na mila za mwaka uliochaguliwa si pambo la mandhari. Ndizo zinazoamua mwanamke huyo anaweza kuingia wapi, kuuliza nini na kuhatarisha nini. Mifano imetolewa katika kazi za Agatha Christie, Elizabeth Peters na Sujata Massey, kisha hoja inahusishwa na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili.

1. Utangulizi

Riwaya tulivu ya upelelezi ni ile ambayo mauaji hutendeka nje ya macho ya msomaji, watuhumiwa ni watu wanaojuana, vidokezo huwekwa wazi ili msomaji naye abashiri, na mwishowe fumbo hufumbuliwa na jamii hurejea katika utulivu. Kielelezo chake mashuhuri ni Miss Marple wa Christie, bikizee wa kijijini aliyeingia katika riwaya mwaka 1930 kupitia The Murder at the Vicarage. Silaha yake ni kuwajua watu. Hata hivyo, Christie aliandika juu ya kijiji cha zama zake. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria ana mzigo wa ziada: mhusika wake aliishi chini ya sheria ambazo aghalabu msomaji wa leo hazijui. Mwandishi huyo akimpa mhusika uhuru ambao wanawake wa wakati ule hawakuwa nao, anafuta kikwazo kilichowakabili, na pamoja nacho werevu waliohitaji ili kukivuka.

2. Manufaa ya wakati uliopita

Wakati uliopita humsaidia mpelelezi wa ridhaa kwa njia moja ya msingi: hupunguza pengo kati yake na polisi. Scotland Yard ilianzisha kitengo cha alama za vidole mwaka 1901, na vipimo vya vinasaba vilianza kutumika katika kesi za jinai miaka ya 1980. Kabla ya hapo, anayejua nani anamdai nani, nani aliacha kusalimiana na nani, na chai ilimiminwa na mkono wa nani, alikuwa na ushahidi unaoweza kushindana na ule wa askari. Ujuzi wa aina hiyo ulikuwa mikononi mwa wanawake, ingawa haukuitwa ujuzi.

3. Mlango usiofunguka kwa polisi

Mfano bora wa hoja hii ni The Widows of Malabar Hill (2018) ya Massey, inayotokea Bombay mwaka 1921. Perveen Mistry, mwanasheria katika ofisi ya baba yake, anashughulikia mirathi ya mfanyabiashara Mwislamu aliyeacha wajane watatu wanaoishi utawani. Hati inaonyesha kwamba wote wametoa urithi wao kwa wakfu, na mmoja wao ametia alama ya X tu badala ya saini. Je, alijua alichokubali? Askari mwanamume hawezi kuingia kumuuliza, Perveen anaweza. Sheria ya mirathi ndiyo inayozaa shaka, na mila ya utawa ndiyo inayompa nafasi ya kuichunguza.

Mwaka huohuo pia unamfunga. India iliwaruhusu wanawake rasmi kufanya kazi ya uwakili mwaka 1923. Hivyo Perveen huandaa hati lakini hasimami kutetea kesi mahakamani. Massey alichochewa na maisha ya Cornelia Sorabji, aliyesoma sheria Oxford na kuteuliwa mwaka 1904 kuwashauri wanawake wa utawani katika Bengal. Uwezo na kizuizi vya mhusika vimetoka katika chanzo kimoja, na ndiyo sababu msomaji anaviamini.

Kutokana na mfano huu, maswali matatu yanafaa kujibiwa kabla ya kuandika sura ya kwanza. Kwa nini mwanamke huyu yuko karibu na kifo hiki? Anapata nini ambacho polisi hawapati? Atapoteza nini akibainika kwamba anapeleleza: ndoa, malezi ya watoto, ajira au heshima? Swali la tatu likikosa jibu, upelelezi hugeuka mchezo usio na gharama.

4. Tatizo la mfululizo

Kitabu kimoja huweza kutegemea sadfa; ishirini haviwezi. Miss Marple hazeeki sana katika miongo ambayo riwaya zake ziliandikwa, na msomaji huvumilia. Peters alichagua njia nyingine. Amelia Peabody anaanza Misri ya miaka ya 1880 katika Crocodile on the Sandbank (1975), anaolewa, analea mtoto, na anaifikia mwaka 1922, kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa. Mwandishi huyo, ambaye jina lake halisi ni Barbara Mertz, alikuwa na shahada ya uzamivu katika elimu ya Misri ya kale. Kwake, kila msimu wa uchimbaji unaleta wageni wapya, mali mpya na ugomvi mpya. Kwa hiyo mauaji hayarundikani kijijini bila sababu. Utaratibu huu unadai daftari linaloonyesha, kwa kila kitabu, mwaka, umri wa wahusika, sheria iliyobadilika na siri ambayo kila mhusika ameshaijua.

5. Funzo kwa Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili ina msingi wa kujengea. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, ilimtambulisha Bwana Msa, mpelelezi asiye askari katika Unguja ya kikoloni. Wenzake wa kike wa zama hizo wanaweza kubuniwa kwa misingi thabiti. Kumbukumbu za mahakama za kadhi Zanzibar zina kesi za wanawake waliodai talaka, matunzo na mali. Naye Siti binti Saad aliimba “Kijiti”, wimbo unaohusu mauaji halisi ya mwanamke na namna haki ilivyopinda. Jamii hiyo ilikuwa na wanawake waliojadili uhalifu hadharani kwa nyimbo.

Hapa tahadhari inahitajika. Utulivu wa tanzu hii haupaswi kufanya kifo cha mtu halisi kuwa burudani. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka katika kumbukumbu ni utaratibu: hati zilivyoandikwa, nani alikubaliwa kuwa shahidi, mjane alipata nini. Marehemu na muuaji wabuniwe.

6. Hitimisho

Mpelelezi mwanamke wa ridhaa huaminika pale werevu wake unapopimwa na mipaka ya kweli ya wakati wake. Kwa watunga sera, hatua mbili zinafuata. Kwanza, faharasa za nyaraka za mahakama za zamani ziandaliwe kwa Kiswahili ili waandishi wasitegemee watafiti wa nje kuzisoma. Pili, mashindano ya uandishi, ambayo ndiyo yaliyomfikisha Bwana Msa kwa wasomaji, yatenge nafasi kwa riwaya ya kihistoria. Bila hatua hizo, wanawake waliokwenda mbele ya kadhi kudai haki zao watabaki katika majalada, wakisubiri hadithi.