Pilipili, Siagi na Mbabula

Mabawa ya kuku yenye pilipili na siagi yalijulikana mjini Buffalo, Marekani, tangu 1964, lakini hapa Nguba pia yanapikika. Twanga pilipili kali 5 na chumvi, chemsha kidogo pamoja na maji ya ndimu, epua, ndipo ukoroge vijiko 4 vya siagi. Usiitie motoni: siagi ikichemka hujitenga.

Ukali wa pilipili hauondoki kwa maji matupu, huyeyuka katika mafuta. Paka mikono mafuta, kisha ioshe kwa sabuni, kabla hujagusa jicho au kubeba mtoto.

Lakini hatari kubwa ni makala. Jioni upepo wa ziwa ni baridi, na wengi huingiza mbabula nyumbani na kufunga madirisha. Moshi wa pilipili utakukohoza, nawe utakimbia. Hewa ya sumu ya makala haina harufu wala haikohozi. Kichwa kikiuma na miguu ikilegea, toeni kila mtu nje, hata aliyelala, mkamtafute mganga upesi. Wewe unayeijua hewa mbaya ya shimoni, mweleze mama wa nyumba. Mvua ikinyesha, pikeni barazani.