Kifurushi Kimefika, Nyumbani Hakuna Mtu

Sisi akina mama tunaoishi Bagamoyo, pamoja na wenzetu wa Zinga, Kerege na Mapinga, tunapata vifurushi vyetu kwa njia mbili. Ya kwanza ni Posta. Wajerumani walifungua posta hapa mwaka 1890, lakini mpaka leo, kwa walio wengi, tarishi hapiti nyumba kwa nyumba. Barua huingia sandukuni, na mara nyingi sanduku lenyewe ni la shule, la ofisi au la parokia. Kikija kifurushi, huwekwa karatasi ndani ya sanduku, nawe waenda dirishani na kitambulisho chako. Hata nyumba ikiwa tupu si neno, labda mwenye ufunguo wa sanduku awe amesafiri!

Njia ya pili ni basi. Ndugu aliyeko Dar es Salaam hufunga mzigo, huandika jina na namba ya simu, akamkabidhi konda na kumlipa chochote. Basi likifika, konda hupiga simu. Hapo ndipo penye kazi, maana basi halisubiri mtu.

Wakati mmoja wa kaskazi, shemeji alimtumia mama mkwe wetu insulini, kwa kuwa anaugua kisukari. Sisi tulikuwa msibani Kaole, simu imekwisha chaji. Konda alipiga asitupate, akampa kijana wa bodaboda anayepajua kwetu. Kijana alikuta kufuli mlangoni, akamwachia jirani yetu, mama mmoja Mwislamu ambaye tumeishi naye kwa wema miaka mingi. Jirani alikiweka juu ya kabati, chini ya bati, akawakataza watoto wote wasikiguse. Tulirudi siku ya tatu.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Joto huipunguzia nguvu, na kwa kuitazama tu huwezi kujua. Muuguzi alituambia tusiitumie. Fedha zilikuwa zimekwenda, na mama mkwe alikuwa amebakiwa na dawa ya siku mbili.

Tukiri kwamba maneno ya kwanza yaliyotujia mdomoni yalikuwa ya kumlaumu jirani. Kwa nini hakufungua akaona? Baba watoto ndiye aliyetuzuia. Je, angefungua, tungemwitaje? Kwake kile kilikuwa amana. Juu yake palikuwa na jina na namba ya simu, basi. Neno "dawa" halikuwapo. Shemeji hakuliandika, sisi hatukumwagiza, wala jirani hatukumdokezea kwamba tunangoja kitu.

Mtume Paulo aliliacha joho lake Troa, kwa Karpo. Alipomwandikia Timotheo amletee, alitaja kitu chenyewe, mji na mtu aliyekiweka, na vitabu vyake hakuvisahau. Huko Ujerumani siku hizi, mleta vifurushi asipomkuta mwenyewe anaweza kumwachia jirani, na huacha kadi inayosema ni jirani yupi. Kwetu kadi hiyo hatuna. Namba za nyumba tulizopata katika kazi ya anwani za makazi mwaka 2022 humfikisha mtu mlangoni, lakini kufuli ni kufuli.

Siku hizi tunamuaga jirani kabla ya kusafiri, tukimwambia kinachotarajiwa. Mtumaji huandika kwa herufi kubwa, DAWA, WEKA PENYE BARIDI, pamoja na namba mbili za simu, yetu na ya jirani. Kwa kuwa jirani hana friji, muuguzi alituonyesha namna ya kuweka chungu kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, na dawa ndani ikiwa imefungwa katika mfuko usioingiza maji. Kwa unyevu wetu wa pwani vyungu havitakuwa friji, ila vinaishinda kabati kwa mbali.

Pasaka iliyofuata tulikwenda Tanga kwa siku mbili. Kikaja kifurushi ambacho hatukukitazamia, wala hakikuandikwa kilicho ndani. Jirani hakutaka kosa la pili. Tuliporudi alituita kwa fahari, akafunua vyungu na kutukabidhi vitenge vya kwaya ya akina mama, vimepoa vizuri na kulowa pembeni.